Siku Inayofuata Jua

Zipu ninazouza zinatoka China, na tangu nifungue duka Kariakoo nimejifunza kuhesabu mwaka wa Wachina kama wanavyouhesabu wafanyabiashara wote wa mtaa wetu, yaani kwa woga. Mwaka wao mpya ukikaribia, viwanda vinafungwa, mafundi wanarudi makwao, simu hazipokelewi, na wewe uliyechelewa kuagiza unabaki kutazama rafu tupu. Na sikukuu yenyewe haitulii mahali pamoja. Inafuata mwezi kama Idd yetu, mara inaangukia Januari, mara katikati ya Februari. Kwa hiyo mtu yeyote wa Kariakoo ukimuuliza kalenda ya Wachina ikoje, atakujibu bila kufikiri kwamba inafuata mwezi. Mimi pia ningekujibu hivyo, tena kwa sauti kubwa.

Mume wangu ndiye aliyekuwa akinikatalia. Kila mwaka, ndani ya katoni ya kwanza, mwenye kiwanda cha zipu alituwekea kalenda ya ukutani iliyojaa herufi za Kichina. Mume wangu aliitundika nyuma ya kaunta, akamtumia huyo mwenye kiwanda ujumbe wa sauti kuuliza maana ya kila herufi nyekundu, kisha akaandika Kiswahili chake pembeni kwa kalamu ya wino: Kuamka kwa Wadudu, Mvua ya Nafaka, Joto Dogo, Joto Kubwa, Umande Mweupe. Vipande ishirini na vinne kwa mwaka, kila kimoja siku kumi na tano hivi, na vyote vinapimwa kwa jua. Sikukuu ya mwaka mpya ni ya mwezi, aliniambia, lakini hivi vipande ni vya jua, na Wachina wameviweka vyote kwenye karatasi moja. Yeye hilo halikumshangaza. Baba yake, mtu wa kusini ya Unguja, alifunga Ramadhani kwa mwezi na kupanda kwa jua, akihesabu miongo tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua, siku kumi baada ya kumi, mpaka mwaka ukaisha.

"Sisi tumekata kumi, wao wamekata kumi na tano," alisema. "Keki ni ileile."

Nilimwambia aache keki, wateja wanasubiri.

Kipande kimoja cha kalenda hiyo kilituhusu sisi wenyewe. Kinaitwa Chingming, maana yake kweupe na safi, na kinaanza Aprili, tarehe nne au tano. Siku hiyo Wachina huenda makaburini kwa wazee wao, wakang'oa majani, wakaosha mawe, wakafagia.

Mwenye kiwanda ni mwanamke wa rika langu. Tulipokwenda kwake mara ya kwanza, mimi na mume wangu, alisikia tu neno Dar es Salaam akaacha kutuonyesha zipu. Aliingia ofisini akarudi na picha ndogo, nyeusi na nyeupe, ya jiwe la kaburi lenye maandishi ya Kichina na mnazi nyuma yake. Baba yake alikuja huku enzi za kujenga viwanda, kufunga mashine za kufuma nguo. Malaria ikamwua, akazikwa hapahapa. Mkewe alibaki China na mimba, na mimba yenyewe ndiyo huyu aliyekuwa mbele yetu ameshika picha. Mama yake hakuolewa tena, wala hajawahi kuliona hilo kaburi.

Tuliporudi, mume wangu alilitafuta lile jiwe Jumapili tatu. Alilikuta kwenye makaburi ya ng'ambo ya bonde la Msimbazi, kona ya chini, limemezwa na majani. Tangu hapo kila Chingming tulikwenda. Mimi nilifagia na kuosha, tukaweka maua meupe na kikombe cha chai. Karatasi ambazo Wachina huwachomea wafu wao tulikataa, tukamweleza mwenye kiwanda kwamba kwetu haifai, naye akaelewa. Mume wangu alirekodi kwa simu, tukaituma video. Yule mama mzee macho yake yalikuwa yamekwisha, haoni ila vivuli, kwa hiyo alichotaka ni kusikia. Bintiye alituambia kwamba huiweka simu sikioni, akausikiliza ufagio mpaka mwisho, kisha hula chakula chake.

Mwezi wa nane mume wangu alikufa. Presha, asubuhi, hata hospitali hatukufika. Wanaume walimzika Kisutu jioni ileile, na mimi nikabaki ndani na wanawake wenzangu, kama ilivyo kwetu. Nikakaa eda miezi minne na siku kumi. Nilipotoka nilirudi dukani, nikapanga rafu zote upya na kugombana na kila mtu aliyenipa pole, kwa sababu pole zilikuwa zinanichelewesha. Kisutu ni dakika kumi kwa miguu kutoka dukani kwangu. Sikwenda. Kila wiki nilisema nitakwenda, na kila wiki palikuwa na mzigo bandarini.

Katoni ya kwanza ya mwaka huo ilikuja na kalenda mpya, imeviringishwa ndani ya bomba la karatasi. Niliitupa chini ya kaunta. Ya zamani niliiacha ukutani, na mwandiko wake na duara alilochora kwa wino mwekundu kuzunguka tarehe tano ya Aprili. Sikutaka kutazama karatasi isiyokuwa na mwandiko wake.

Machi, mwenye kiwanda akanitumia ujumbe. Sisi huzungumza kwa programu ya kutafsiri iliyo kwenye simu. Yeye anasema Kichina chake, na mimi nasikia Kiswahili cha mashine, sauti kavu isiyopanda wala kushuka. Sauti hiyo iliniambia kwamba mama anaumwa, daktari anasema hataufikia mwaka mwingine. Safari hii mama hataki video. Anataka kusikia ufagio moja kwa moja, siku yenyewe ya Chingming, kabla jua la kwao halijazama, kwa sababu jua likishazama hakuna anayezuru kaburi. Nilimjibu kwamba nitakuwepo, wallahi.

Halafu nikahesabu. Mwaka ule sikukuu yao ya mwaka mpya ilikuwa imesogea mbele karibu siku ishirini, Kariakoo nzima ikilalamika kwamba Wachina wamechelewa. Nikaitazama tarehe tano iliyozungushiwa duara, nikaongeza siku kumi na tisa, nikapata tarehe ishirini na nne. Nikaiweka kwenye simu ili inikumbushe. Nilijiona nina akili sana. Ramadhani ilikuwa imeingia, mji mzima unahesabu mwandamo, na mimi nikawahesabia na Wachina.

Tarehe nne ya Aprili, saa tatu asubuhi, tulikuwa katika kumi la mwisho la mfungo. Mafundi cherehani walikuwa wamejaa kwenye kaunta, kila mmoja na magauni ya Idd yasiyofungika, wanataka zipu za kujificha rangi ya maziwa, na mvua ilikuwa imenyesha tangu daku. Binti yangu alikuwa anapima, mimi nakata. Simu ikaita.

"Dada," ikasema ile sauti kavu, "mama ameamka. Amevaa koti jipya. Uko kaburini?"

Niliweka mkasi chini. Nilimjibu kama anavyojibu mtu yeyote wa Dar es Salaam aliyebanwa.

"Niko njiani."

Nilipiga magoti chini ya kaunta nikalitafuta lile bomba, nikaichana kalenda mpya wakati wa kuifungua. Herufi nyekundu zilikuwa kwenye tarehe nne. Tofauti ya siku moja tu na mwaka jana. Mwezi ulikuwa umezunguka unavyotaka, na jua lilikuwa limerudi mahali pake kama kawaida. Mume wangu aliniambia hivyo miaka yote, na miaka yote nilimwambia wateja wanasubiri.

China wako mbele yetu saa tano. Kwao ilikuwa saa nane mchana. Jua lao lingezama saa saba na nusu ya kwetu. Nilikuwa na saa nne na nusu, na makaburi hayako mbali, siku ya kawaida ni nusu saa. Nikamwachia binti yangu mkasi, nikachukua ufagio wa chelewa wa dukani na ndoo, nikapita kwa mama mmoja anayeuza chai nyuma ya pazia wakati wa mfungo nikajaza chupa, nikanunua maua, nikasimamisha bajaji.

Dereva alikuwa mtu mzima mwenye mvi ndevuni. Nikamtajia ninakokwenda.

"Mama, Jangwani pamefungwa," akasema. "Msimbazi umepanda juu ya barabara. Askari wanageuza watu tangu alfajiri."

"Pita Upanga, uvuke Salender."

"Na mji wote unapita Salender."

"Basi na sisi tuwe mji wote! Twende!"

Alikuwa anasema kweli. Kutoka Upanga hatukutembea, tulisogea. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Maji yalikuwa yanaingia kwenye bajaji kutoka chini na kutoka juu, nimekumbatia maua kama mtoto mchanga. Kila robo saa simu ilitoa ile sauti. Mama anauliza umefika. Mama amekataa dawa ya usingizi, anaogopa kupitwa. Daktari amekuja, anasema mama apumzike. Na mimi kila mara: niko njiani, dada, nimekaribia. Nilikuwa naona aibu, na aibu kwangu mimi hugeuka hasira. Nilimkasirikia dereva, nikaikasirikia serikali na mvua yenyewe. Nilimkasirikia hata marehemu kwa kwenda na hesabu zake.

Saa sita tulikuwa tumekwama kabla ya daraja, hatuendi mbele wala nyuma. Ndipo nilipoikumbuka video ya mwaka jana. Ilikuwa ndani ya simu yangu. Sikuwa nimeifungua tangu msiba, ila nilijua kilichomo: jiwe, maua, mikono yangu, ufagio. Ufagio ni ufagio. Mama mzee haoni, na anayeumwa hahitaji kusubiri mvua ya Dar es Salaam. Nilijiambia kwamba ni huruma. Nikaandika kwamba mtandao ni mbaya, simu ya moja kwa moja inakatika, nimerekodi. Nikaituma bila kuifungua.

Baada ya hapo nikamwambia dereva ageuze turudi Kariakoo.

Alinitazama kwenye kioo. "Maza, si ulisema lazima?"

"Geuza."

Hakuweza kugeuza. Kulikuwa na ukingo wa zege katikati na lori nyuma yetu. Tukakaa. Nilitazama zile alama mbili kwenye simu zikigeuka buluu, nikajua wanasikiliza. Dakika tatu, nne. Nilianza hata kufikiria zipu za rangi ya maziwa kama zingetosha mpaka Idd.

Simu ikatoa sauti.

"Dada. Mama anasema amemsikia mume wako."

Sikuelewa. Nikaifungua video mwenyewe, nikaiweka sikioni kama anavyofanya yule bibi. Ufagio ulikuwapo, shwaa, shwaa. Kisha, karibu kabisa na simu, kikohozi chake, na sauti yake ikisema taratibu: "Fagia na huku chini, mke wangu, pana majani." Mshika kamera naye alikuwa na mdomo, na mimi nilikuwa nimesahau. Miezi minane nilikuwa nimeikimbia video hiyo na yale makaburi ya Kisutu, na sasa sauti yenyewe nilikuwa nimeituma China kwa mkono wangu ili ifiche uongo wangu. Mwenye kiwanda alijua kwamba amekufa. Alinitumia rambirambi. Alijua sasa kwamba video ni ya zamani.

Nililia kwenye bajaji, mbele ya mwanamume nisiyemjua, mchana wa Ramadhani. Kisha nikabonyeza kitufe nikasema yote kwa mfululizo, sijui mashine ilitafsiri nini. Nimekosea siku. Nilihesabu kwa mwezi. Ile ni ya mwaka jana. Nilikuwa narudi dukani. Nisamehe, nisamehe.

Nilitazama saa: sita na nusu.

"Mama anauliza," ikasema ile sauti, "sasa hivi uko njiani kweli?"

Nikamtazama dereva. Alipandisha gurudumu moja juu ya njia ya waenda kwa miguu, watu wakamtukana, akapandisha na la pili, tukavuka Salender tumeinama upande kama jahazi bovu. Ng'ambo barabara ya kuteremkia makaburini ilikuwa mto. Akazima bajaji, akakunja suruali, akabeba ndoo na chupa ya chai kichwani, mimi ufagio na maua, tukashuka kwa miguu, maji magotini.

Saa saba na dakika tano tulikuwa kwenye kona ya chini. Majani yalikuwa yamefika kiunoni, na jiwe halionekani. Nililikuta kwa kupapasa na mguu, mahali palepale nilipolizoea. Nikapiga simu. Ikaita mara moja ikakatika: bando limekwisha. Nilitamani kuitupa kwenye matope.

"Washa waifai, Mama," akasema dereva akitoa simu yake, "tumia ya kwangu."

Nikapiga tena. Mwenye kiwanda akatokea kwenye kioo, macho mekundu, hakunisalimu. Nyuma yake dirisha lilikuwa limeanza kuwa la dhahabu. Akaisogeza simu, nikaona sikio moja la kizee na nywele nyeupe zilizochanwa vizuri, na kola ya koti jipya. Dereva alinishikia simu. Mimi niling'oa majani kwa mikono miwili, mkono mmoja ukachanika, sikuuona mpaka baadaye. Nikaliosha jiwe kwa maji ya mvua yaliyojaa kwenye ndoo. Nikaweka maua. Nikamimina chai, na harufu ya tangawizi ikanipanda puani na swaumu yangu. Halafu nikafagia. Ardhi iliyolowa haitoi sauti nzuri, kwa hiyo nilifagia juu ya saruji yenyewe, nikikaza mkono, mbele, kando, na huku chini penye majani. Nilifagia mpaka dirisha la kule likawa la kijivu.

Nilipoinuka, mgongo umekatika, yule bibi alikuwa anasema kitu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, maneno machache, anapumzika, anaendelea. Mashine ikatafsiri.

"Mama anasema ahsante. Amesikia mpaka mwisho. Sasa atakula." Kisha ikaongeza. "Mama anauliza, na yule bwana, nani anamfagilia?"

Dereva aligeuza uso pembeni. Ningeweza kusema watoto wapo, au shemeji zangu, na mashine ingelisema kwa sauti ileile kavu na hakuna ambaye angejua.

"Bado," nikasema. "Sijakwenda."

Sijui Kichina kina neno gani la bado. Bibi alilisikiliza, akajibu.

"Mama anasema nenda kabla jua halijazama. Kwetu limezama. Kwenu bado liko juu."

Akafa siku kumi na moja baadaye, karibu na kipande ambacho mume wangu alikiandika Mvua ya Nafaka. Lakini hiyo niliijua baadaye. Mchana ule tulipanda mlima wa matope mpaka kwenye bajaji, nikamwambia dereva anipeleke Kisutu. Foleni ya kurudi haikuwa ndogo. Tulifika alasiri, mvua imekatika, jua limetoka kali kama halikuhusika.

Mlinzi wa makaburi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki langoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akautazama ufagio wangu uliojaa matope ya ng'ambo.

"Umemjia nani, mama?"

"Mume wangu."

"Yuko upande gani?"

Kaburi la yule fundi wa Kichina nilikuwa nimelipapasa kwa mguu ndani ya majani, bila kuuliza mtu. Nikatoa simu, nikaomba tena ile waifai ya dereva, nikampigia shemeji yangu kumwuliza mume wangu amelala wapi.